Vyama vya Akina Mama na Msaada kwa Jirani

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Katika nchi ya Kenya akina mama wamelithibitisha neno hili kwa kazi, nasi yafaa tujifunze kwao jinsi msaada unavyopangwa.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952. Katika vikundi vyake vya vijijini akina mama walijifunza kushona, kupika, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Lakini kulikuwako somo la kale kuliko hayo, nalo ni desturi ya kulimiana mashamba kwa zamu, ambayo Wakikuyu huiita ngwatio.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, akina mama wa Kikuyu waliitumia desturi hiyo kwa jambo jipya. Mashamba yalikuwa yamepimwa na kugawanywa, na nyasi za kuezekea zikawa haba. Ndipo vikaenea vikundi vilivyojulikana kwa jina la mabati. Kila mmoja alitoa fedha kidogo, pengine ujira wa kibarua walichofanya pamoja, na fedha hizo zikanunua mabati ya nyumba moja. Kisha zamu ikaenda kwa mwingine. Paa la bati hudumu kuliko nyasi, tena hukinga maji safi ya mvua, hata mama akapunguziwa safari ya mtoni.

Je, mjane au mgonjwa asiyeweza kutoa fedha afanyiweje? Hapo ndipo chama hupimwa. Akirukwa, chama kimekuwa mfuko wa wenye nguvu tu. Kwa hiyo mambo matatu yashikwe sana.

Kwanza, mgonjwa asipoteze zamu yake. Wenzake wamfanyie kazi mpaka apone.

Pili, fedha zihesabiwe mbele ya wote na kuandikwa daftarini, kwa maana fedha za siri huvunja chama.

Tatu, anayesaidiwa apewe kazi aiwezayo, kama vile kuwatunza watoto wa wenzake walioko shambani. Hivyo heshima yake hubaki, wala hatajiona mwombaji.

Serikali hujenga hospitali na barabara, lakini haiwezi kujua usiku wa leo ni nyumba ipi inayovuja. Jirani anajua. Basi akina mama wasingoje fedha nyingi ndipo waanze. Haba na haba hujaza kibaba.