Mkanda wa Gari Haukupimwa kwa Mtoto

Siku hizi katika vikundi vyetu vya Ruiru na Thika hukosi mmoja aliyenunua gari dogo la mtumba kutoka Japani. Siku ya kufunga shule au ya harusi sote twajibana humo, na mtoto anapakatwa. Hata mimi niliwapakata wangu miaka mingi, nikiamini mikono ya mama haiachilii.

Hebu tupige hesabu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga, mtoto wa kilo 15 huvutwa mbele kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 300 na zaidi. Hayo ni magunia matatu ya mahindi na ziada. Nani atayashika? Na kwa Thika Road, tangu ipanuliwe mwaka wa 2012, ni nani huenda 50?

Mtasema, basi tumfunge mkanda. Ni vizuri, lakini mkanda ulipimwa kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitano ile sehemu ya chini hukaa juu ya tumbo laini, na ya juu hukata shingo. Mwaka jana nikiwa kwa gari la jirani, breki zilikanyagwa ghafla karibu na Juja. Kijana wake wa miaka sita aliteleza chini ya mkanda ukamkaba. Alibaki na alama shingoni wiki nzima, na hiyo ilikuwa breki tu.

Dawa yake ni kiti cha kuinulia mtoto, wengine hukiita busta. Kazi yake ni moja: kumpandisha ili mkanda wa chini ulale juu ya mapaja karibu na mifupa ya nyonga, na wa juu upite katikati ya bega na kifua. Mto wa kochi hautoshi, maana hubonyea na kuteleza. Asipitishe mkanda chini ya kwapa, na baridi ya Julai mvue jaketi nene kwanza, kwani huacha mkanda ukiwa umelegea.

Busta hutumika nyuma, penye mkanda wa bega na mapaja. Mkanda wa mapaja peke yake hauifai. Aliye chini ya miaka minne anahitaji kiti chenye mikanda yake mwenyewe. Na watoto wawili wasifungwe mkanda mmoja, watagongana vichwa.

Mkinunua cha mtumba, ulizeni kama kimewahi kuwa katika ajali, na mkague nyufa. Muuzaji akisitasita, kiacheni. Bei ikiwa nzito, pesa za mzunguko zaweza kununua viwili vya kuazimana.

Mkutano ujao njooni na utepe wa fundi cherehani, tupime watoto ukutani. Aliye chini ya sentimita 135 bado anahitaji busta, na wataalamu wengi hushauri aitumie mpaka 150. Kisha mjadiliane: kwenu nani huamua mtoto akae wapi garini, dereva au mama?