SOMO LA JUMA: MANA YA SIKU MOJA

Masomo: Kutoka 16:13-21, Mathayo 6:25-34



1. Taabu ya kutojua mwisho

Tunakumbuka sote. Machi 2020 ugonjwa wa Korona uliingia Kongo, na tarehe 24 ya mwezi ule hali ya dharura ikatangazwa. Makanisa yalifungwa mpaka Agosti. Wafu walizikwa bila matanga. Hapa Lualaba, migodi mingine iliwalaza wafanyakazi ndani kwa majuma mengi. Mama akabaki nyumbani na watoto, asijue bwana wake atarudi siku gani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Miaka 3 ulizo lilikuwa moja: "Itakwisha lini?"

2. Mungu hulisha siku kwa siku

Kule jangwani Mungu hakuwaambia Waisraeli hesabu ya siku zilizobaki. Aliwapa mana ya siku moja. Aliyeficha ya kesho aliikuta imeoza. Hofu ya kesho ni vilevile: ukiilaza moyoni inaoza, inakunyima usingizi na nguvu za kazi ya leo.

Mfikirie Mama Marie Muilu. Bwana wake, Papa Simon Kimbangu, alikamatwa Septemba 1921, akapewa kifungo cha maisha, akafa gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Mama hakungoja lango lifunguke ndipo aanze kazi. Alilea wana watatu, akawatunza waaminifu kwa siri.

3. Tufanye nini ugonjwa ukikawia?

a) Asubuhi omba kwa ajili ya siku hiyo. Mtajie Mungu hofu yako waziwazi.
b) Habari za ugonjwa uzipokee kwa waganga, si kwa uvumi wa sokoni.
c) Ukiona dalili, nenda hospitali. Sala na dawa hazigombani.
d) Mtembelee jirani aliyebaki peke yake, ikikatazwa, mpigie simu.
e) Anayekosa usingizi siku nyingi, au aliyekata tamaa, amwambie mchungaji na mganga pia. Si aibu, wala si upungufu wa imani.

Maulizo

1. Ni hofu gani ya kesho unayoilaza moyoni?
2. Ni kazi gani ya leo imekungoja?
3. Katika mtaa wako, nani anangoja mtu asiyejua atarudi lini? Juma hili utamfanyia nini?

Bwana awape amani ya leo. Amina.