FREMU YAKO IMEANGALIA WAPI? YANGU YA MAGHARIBI ILINITIA HASARA

Wauzaji wenzangu, leo siongelei matangazo. Naongelea ukuta wa mbele wa duka.

Nauza mafuta ya ngozi mtandaoni, na stoo yangu ni fremu hapa Kibaha Maili Moja. Dada mmoja wa Kisarawe alinirudishia makopo sita ya siagi ya shea, yameyeyuka, yananuka. Nikamlaumu boda. Kumbe yaliharibikia kwangu! Shea hulegea kwenye nyuzi joto 30 na kitu, na fremu yangu imeangalia magharibi, mbele kioo kitupu.

Nikaongeza bati la kibaraza. Hela bure. Fundi akacheka: "Dogo, jua la saa kumi linakuja limelala, linapita chini ya bati."

Kweli. Kwetu jua la saa sita mchana liko juu sana. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Ukuta wa pande hizo kibaraza kifupi kinautosha. Mashariki na magharibi panataka kitu kinachoning'inia, na unachoweza kukisogeza.

Nikanunua neti ya kivuli, ile ya kwenye vitalu vya miche, nikaifunga kwenye bomba ikunjike kama pazia. Iwe NJE ya kioo jamani, ukiweka ndani joto limeshaingia. Asubuhi naikunja nipate mwanga wa picha, saa nane naishusha, na hewa bado inapita. Chukua nyeusi, ya kijani itakuchafulia rangi kwenye picha. Ukuta wa nyuma, karibu na dari, fundi aliweka tofali za matundu na wavu wa mbu, maana hewa ya moto hupanda na inataka pa kutokea. (Mwombe mwenye nyumba kwanza kabla hujatoboa.)

Msidhani ni umaskini. Abu Dhabi kuna minara ya Al Bahr, ilikamilika 2012, imevishwa vivuli vinavyofunguka na kujifunga kwa kompyuta kufuata jua. Wazo limetoka kwenye mashrabiya, zile skrini za mbao za nyumba za Kiarabu. Wao kompyuta, mimi kamba.

Yule dada nilimtumia makopo sita mapya kwa gharama yangu. Siku hizi mzigo wa Kisarawe unatoka kabla ya saa nne asubuhi.