Ukipanda Lushoto Wakati wa Joto

Kuanzia Desemba hadi Februari, Dar es Salaam na Tanga zikiwa zinachemka hata usiku, Lushoto mtu bado anajifunika blanketi. Mji huu wa Usambara Magharibi uko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hata Wajerumani, waliouita Wilhelmstal, waliupendea ubaridi wake. Siku hizi wageni wengi huja mbiombio: Jumamosi mchana wamefika, picha Irente, Jumapili wanashuka. Nakusihi usifanye hivyo. Tenga siku tatu, na utembee kwa miguu kadiri uwezavyo, maana vichochoro vizuri vya milima hii havipitiki kwa gari.

Barabara ya Lushoto inaachana na ile ya Arusha pale Mombo, kisha ni kona juu ya kona kwa kilometa thelathini na kitu. Anayechafukwa na tumbo garini ale kidogo kabla ya Mombo na akae viti vya mbele. Soni, katikati ya safari, kuna maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara. Huu pia ni msimu wa plamsi, pichi na mapeasi. Nunua za kula tu; za nyumbani zisubiri siku ya kushuka, na uchague zilizo ngumu kidogo, kwa sababu plamsi iliyokwisha kulainika haifiki Dar ikiwa nzima.

Irente iko kilometa chache kutoka mjini. Nenda kwa miguu, ukipita katikati ya migomba na mashamba ya mahindi, upumzike kwenye shamba la Irente, ambako hutengenezwa jibini na jamu. Mbele kidogo ardhi inakatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, kama meta 1,000 hivi, iko Mazinde na mistari ya mkonge iliyonyooka, kisha nyika ya Wamaasai hadi macho yanaposhindwa. Fika kabla ya saa nne asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Mchana vumbi na mvuke huifunika nyika, na wengi wanaorudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu walikwenda saa hizo. Ukichagua jioni, patana mapema na bodaboda wa kukurudisha. Watoto washikwe mikono. Pale ukingoni si mahali pa kukimbizana.

Siku ya pili iwe ya Magamba, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lipa kiingilio ofisini na uombe mwongoza wageni, hata kama unajiamini kwa kutembea. Mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, wanakaa juu sana, na mwenyeji atawasikia matawini kabla wewe hujainua kichwa. Kinyonga ndiye wa kumtazama kwa utulivu: kuna aina ya Usambara Magharibi ambayo dume lake lina pembe mbili puani, na ukisogea polepole utaona jicho moja likikufuata huku lingine likitafuta mdudu. Usimshike, wala usimpe pesa anayemzungusha kwenye kijiti ili apigwe picha. Chukua koti la mvua na viatu vyenye meno. Udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya.

Mwenye siku ya tatu aende Mtae, kijiji kilicho ukingoni kaskazini, kinachotazama Mkomazi. Ni mbali, kwa hiyo lala hukohuko, na ukishuka tu garini ulizia saa ya gari la kurudi.

Likizo yako ikiangukia Machi hadi Mei, ahirisha. Masika huleta maporomoko ya udongo, na barabara ya kutoka Mombo inaweza kufungwa ukiwa huko juu.