Kupiga picha siku ya kuondoa matanga

Jumamosi alasiri pale Kinindo, Bujumbura, ukiona hema ndani ya ua na magari yamejaa nje ya geti, huenda ni arusi, huenda ni kuganduka: siku familia inapoondoa matanga kabisa, mara nyingi miezi kadhaa au mwaka baada ya mazishi. Ndugu walioko Ubelgiji au Kanada wataiona siku hiyo kwa picha tu, na watakachotafuta kwanza ni nani alifika na nani alisimama na wafiwa. Mpiga picha aanzie hapo, urembo utafuata.

Mwone msemaji wa familia

Kuna mzee anayeongea kwa niaba ya wafiwa. Mwendee kabla ya siku yenyewe, umwombe ratiba na majina ya watu wasiopaswa kukosekana. Kisha muulize: "Mzee, wapi nisikanyage?" Familia nyingine huruhusu kila kitu isipokuwa machozi ya mjane. Kama umeitwa kwenye guca ku mazi, ile shughuli ya siku chache tu baada ya mazishi, kidonda bado kibichi: kaa mbali, tumia lenzi ndefu, piga kidogo.

Soma jua na hema

Bujumbura jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kuanzia saa kumi linaingia chini ya hema kutoka magharibi. Waliokaa wakitazama ziwa wanapata mwanga usoni. Walioupa mgongo wanatoka giza tupu. Fika mapema ujue wafiwa watakaa upande gani, na kama kuna nafasi omba viti vigeuzwe kabla wageni hawajaketi.

Hema la bluu hupaka kila uso bluu. Piga kwanza karatasi nyeupe chini yake, uitumie kurekebisha rangi. Wakati wa hotuba zima flashi. Panda hadi ISO 1600 au 3200, na kasi isishuke chini ya 1/125, maana wazee huhutubia kwa mikono pia.

Picha tatu za lazima

1. *Picha ya marehemu mezani.* Kioo cha fremu hurudisha mwanga, hata sura yako. Sogea pembeni kidogo, inua kamera, usiwashe flashi. Kisha piga nyingine, watu wake wakionekana nyuma ya meza.

2. *Chungu cha impeke.* Wazee wanapoinamia pombe ya mtama na mirija yao, piga magoti ulingane na mdomo wa chungu. Hapo unapata povu ukingoni, vidole vilivyobana mrija na macho yanayotazamana. Ukipiga ukiwa umesimama, utaondoka na vipara na kofia.

3. *Makundi.* Wakwe, wajukuu, majirani, wenzake wa kazini. Wapige kabla vinywaji havijaanza kuzunguka, kwani baada ya hapo hutawakusanya tena. Andika majina papo hapo, kutoka kushoto kwenda kulia.

Usiigize

Wengi wetu tumevutiwa na picha za Siku ya Wafu ya Mexico, ya tarehe 1 na 2 Novemba, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kandokando ya ziwa Pátzcuaro, familia hukesha makaburini kwa mishumaa na maua ya rangi ya chungwa, watalii wakiwazunguka na kamera. Jifunze kwao namna picha ya marehemu inavyowekwa katikati ya yote. Lakini usiombe mishumaa iongezwe ili upate rangi, wala usimwambie mama arudie kuweka shada kwa sababu ulichelewa. Kilichokupita kimekupita.

Baada ya shughuli

Nakili kadi usiku huohuo, sehemu mbili tofauti. Usirushe picha hata moja WhatsApp au Facebook kabla familia haijazipitia. Unapokabidhi, tanguliza makundi yenye majina, kisha hotuba, mwisho zile ulizozipenda mwenyewe. Bei na idadi ya picha za kuchapisha viafikiwe na msemaji mapema, kwa maandishi, na salio lidaiwe kwake. Mjane asisumbuliwe na deni la picha.