Kuacha Vinywaji vya Kuongeza Nguvu: Usumbufu wa Siku Chache, Si Kuharibika kwa Ubongo

Wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani, madereva wa bodaboda na walinzi wa usiku ni miongoni mwa wanaotumia kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu au vidonge vya kafeini ili wasisinzie na akili ibaki makini. Baadhi yao huamua kuacha. Siku inayofuata kichwa huuma, mwili hulegea, hasira huwa za karibu na kinachosomwa hakikai kichwani. Hapo mtu hudhani kwamba ubongo wake hauwezi tena kufanya kazi bila kafeini, akarudia matumizi. Dhana hiyo si sahihi.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuujulisha mwili kwamba umechoka. Kafeini huziba vipokezi vya kemikali hiyo. Uchovu hauondoki, bali taarifa yake haifiki. Kafeini ikitumiwa kila siku, ubongo huizoea na kujirekebisha ili kufidia. Ikiachwa ghafla, adenosini hufanya kazi bila kizuizi: uchovu humlemea mtu, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka na kichwa huuma.

Dalili hizo kwa kawaida huanza saa 12 hadi 24 baada ya matumizi ya mwisho, huzidi katika siku ya kwanza na ya pili, na hudumu kwa siku 2 hadi 9. Hata anayetumia miligramu 100 za kafeini kwa siku anaweza kuzipata. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na takriban miligramu 80, hivyo makopo mawili huvuka kiwango hicho.

Namna ya kuacha

Ni vyema kupunguza kidogo kidogo. Anayekunywa makopo manne kwa siku apunguze moja kila baada ya siku chache. Mwanafunzi asianze wiki ya mitihani, na dereva asianze siku yenye safari ndefu, kwa kuwa usingizi barabarani huua. Usingizi wa kutosha usiku ndio tiba ya uchovu wenyewe.

Maandishi kwenye pakiti za dawa za maumivu yasomwe pia. Baadhi ya dawa hizo zina kafeini. Mtu hupata nafuu huku mwili ukiendelea kupokea kile anachokiacha.

Wakati wa kwenda zahanati

Maumivu ya kichwa na uchovu hufanana na dalili za mwanzo za malaria. Mkazi asinunue dawa ya malaria kwa kukisia, wala asipuuze homa kwa kudhani ni kafeini. Apimwe damu kwanza. Vilevile, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, maumivu ya kifua au dalili zinazozidi siku 9 zinahitaji uchunguzi.

Ushauri huu hauhusu dawa zilizoandikwa na daktari. Dawa za kifafa, kwa mfano, zikiachwa ghafla zinaweza kuleta degedege.

Kwa ushauri zaidi, wakazi wanahimizwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kumwona mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji au mtaa wao.