Unga Mweupe wa Kuua Viroboto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuunyunyiza Nyumbani

Somo letu la leo linahusu unga mweupe ambao baadhi ya familia hununua sokoni na kuunyunyiza sakafuni, kitandani na hata juu ya paka ili kuua viroboto. Jina lake ni udongo wa diatomu, au diatomaiti. Wauzaji wengi huuita tu "dawa ya asili isiyo na sumu". Udongo huo upo kweli, na unaua wadudu. Lakini haufanyi yote yanayosemwa juu yake, na tena si kila unga mweupe unaouzwa ni udongo huo. Hilo la pili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi.

UDONGO HUU UNATOKA WAPI?

Diatomu ni viumbe vidogo mno vya majini, vya jamii ya mwani, ambavyo huwezi kuviona bila hadubini. Kila kimoja hujijengea ganda gumu la silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Vikifa, maganda huzama chini ya ziwa na kurundikana kwa maelfu ya miaka. Ziwa likikauka, hubaki tabaka la udongo mweupe, mwepesi, laini kama unga wa muhogo. Kwa upande wetu wa Afrika, mahali panapojulikana sana ni Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, katika Bonde la Ufa si mbali na Ziwa Elementaita. Huko udongo huu umechimbwa kwa miaka mingi, na hutumika katika vichujio vya viwandani, katika rangi, na kuhifadhi nafaka.

Unauaje mdudu? Hauna sumu ndani yake. Mwili wa mdudu umefunikwa na nta nyembamba inayozuia maji yake yasipotee. Akipita juu ya unga huu, chembe zake humkwaruza na kuifyonza ile nta, naye hukauka mpaka akafa. Wazee wetu wa Kivu, wa Burundi na wa hapa Rwanda walichanganya majivu na maharage ya mbegu ili yasitobolewe na wadudu. Majivu nayo humkausha na kumkwaza mdudu, ila unga wa diatomu una nguvu zaidi.

Ukishaelewa hivyo, utaona mwenyewe mipaka yake. Kwanza, unga ukilowa haufanyi kazi mpaka ukauke tena. Kuunyunyiza kwenye sakafu ya udongo yenye unyevu, hasa kati ya Machi na Mei mvua zinapopiga, ni kutupa pesa. Pili, mdudu lazima aupitie. Tatu, hafi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki moja au mbili. Anayekuambia viroboto watakwisha usiku mmoja anakudanganya, au anakuuzia kitu kingine.

PAKA NA VIROBOTO WAKE

Watu wengi kambini hufuga paka kwa sababu ya panya, na ni jambo la busara. Tatizo ni viroboto. Kiroboto mkubwa hukaa juu ya paka na kunyonya damu, lakini mayai yake hayashiki kwenye manyoya. Huanguka popote paka anapolala: kwenye mkeka, kwenye gunia, kwenye blanketi la mtoto. Jike mmoja huweza kutaga mayai 20 hadi 50 kwa siku. Mabuu hukua katika vumbi na nyufa za sakafu, kisha hujifunga ndani ya kifuko na kungoja. Ndani ya kifuko hicho wanaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, wala unga wa diatomu hauwafikii. Ndiyo maana nyumba huonekana safi, halafu baada ya wiki tatu watoto wanaanza tena kujikuna.

Kwa hiyo usianze na unga. Anza na ufagio, maji ya moto na jua. Fua blanketi na matambara anayolalia paka, uyaanike juani siku nzima. Mpe paka mahali pamoja pa kulala, na kitambaa kimoja unachoweza kufua kila wiki. Fagia kila siku, hasa pembeni mwa kuta, na takataka hizo zichomwe au zifukiwe, zisimwagwe mlangoni kwa jirani. Mchane paka kwa kitana chenye meno yaliyobanana, ukikitumbukiza mara kwa mara katika bakuli la maji ya sabuni. Viroboto huzama humo. Kazi hii inachosha, tunajua, na paka wengine hukwaruza, lakini kwa fedha za mkimbizi hakuna njia nyingine inayoishinda.

Baada ya hayo, kama una udongo wa diatomu wa kweli, pakaza kidogo sana katika nyufa kavu, pembeni mwa ukuta na chini ya mahali pa paka. Kidogo maana yake ni utando usioonekana vizuri kwa macho. Ukiweka lundo, wadudu hulizunguka. Acha siku chache, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio utaurusha hewani.

Kumpaka paka mwenyewe hatushauri. Hukausha ngozi yake, naye hujilamba na kuuvuta puani. Wapo pia wanaomlisha paka unga huu ili kutoa minyoo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unatoa minyoo.

VUMBI NI VUMBI

Neno "asili" lisikulegeze. Vumbi hili likiingia kifuani huwasha koo na macho, na kwa mwenye pumu ni hatari. Nyumba nyingi za Kiziba, Kigeme na Mahama ni ndogo, na watu wanalala, wanakula na pengine wanapika karibu karibu. Watoto na wagonjwa wa kifua watoke nje kwanza. Anayenyunyiza afunge pua na mdomo kwa kitambaa au barakoa. Usinyunyize juu ya godoro la mtoto mchanga, wala juu ya chandarua, wala karibu na chakula na maji ya kunywa.

Tena kuna aina mbili. Iliyo salama kiasi ni ile isiyochomwa, inayotengenezwa kwa ajili ya nafaka au chakula cha mifugo. Nyingine imechomwa kwenye tanuru kwa ajili ya vichujio vya mabwawa ya kuogelea. Hiyo ina silika ya fuwele, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, kama inavyowapata wachimbaji wa migodini. Isiingie nyumbani kabisa.

UNGA MWEUPE USIO WENYEWE

Sokoni utakuta ingwa ya kupaka kuta, utakuta chokaa, utakuta pia udongo mweupe ambao wajawazito wengine hula. Vyote ni vyeupe, wala si diatomu. Chokaa huunguza macho na ngozi. Lakini hatari kubwa ni dawa za shambani zilizopunguliwa katika vipakti vya plastiki bila jina. Zipo zinazoua viroboto kwa haraka sana, na kwa sababu hiyo watu huzisifu. Dawa hizo hizo huweza kumuua mtoto anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni.

Kwa paka, iangalie hasa dawa yenye permethrini. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zinayo, na mbwa haimdhuru ikitumiwa vizuri. Mwili wa paka hauwezi kuivunja. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa huanza kutetemeka, kutokwa mate na kupata degedege, na mara nyingi hufa. Muuzaji akikuambia "mbwa na paka ni mamoja", ondoka.

Hatujui njia ya nyumbani ya kutambua unga wa kweli kwa kuutazama au kuuonja, na usijaribu kuuonja. Nunua kwenye duka la dawa za mifugo au pembejeo, katika pakti iliyofungwa, yenye jina la kilichomo. Kama hakuna maandishi, usinunue hata ukiuziwa bei nusu.

KUNGUNI, MAHARAGE NA MENGINEYO

Kwa kunguni unga huu unasaidia, hasa kwenye vitanda vya mbao. Upake katika viungio vya kitanda na nyufa za ukuta mkavu, baada ya kumwagia viungio hivyo maji ya moto na kuviacha vikauke. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, na nyumba zetu zimebanana. Ukipambana peke yako, watarudi kutoka kwa jirani, kwa hiyo patana na nyumba za pembeni mfanye siku moja.

Kwenye mahindi na maharage makavu, kiasi kinachotumika kwa kawaida ni gramu 100 hadi 250 kwa gunia la kilo 100, ila fuata maandishi ya pakti. Kabla ya kupika, pepeta na kuosha.

Kwa chawa wa mwilini usiutumie. Homa ya chawa iliwaugua makumi ya maelfu ya watu nchini Burundi karibu na mwaka 1997, na kinga yake ni kufua nguo kwa maji ya moto na dawa za kituo cha afya. Funza wa miguuni nao hawatolewi na unga. Njoo kituoni, na usishirikiane pini na mwenzako. Mbu, vilevile, wanahitaji chandarua.

Wenye ndugu Ituri wanajua habari ya tauni, ambayo ilizuka tena huko mwaka 2020. Inaletwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo ukiona panya wengi wamekufa ghafla bila mtu kuwatilia sumu, usiwashike kwa mkono, mzuie paka asiwale, na mwambie mshauri wa afya siku hiyo hiyo. Homa kali na tezi iliyovimba kinenani au kwapani isilale nyumbani.

Mtu akimeza au akipakwa unga asioujua, kisha akatokwa na jasho na mate mengi, akatapika au akapumua kwa shida, mtoe nje kwenye hewa, mvue nguo, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe, na usimpe maziwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, na uje na ile pakti hata kama haina maandishi.